Uko kwa ndugu Leicester na siku ni chache: Melton Mowbray, Oakham, Stamford au Ely?

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa dada yangu Leicester, Uingereza, nilibeba orodha. London siku nne, Oxford siku moja, na kila jioni nilirudi miguu ikiniuma, nikakuta dada ameshaondoka zamu ya usiku na chakula changu kimefunikwa kwa sahani jikoni. Wiki mbili zikaisha hivyo. Niliporudi Tanga nikampa mama simu atazame picha. Alizipitia zote kimya mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na dada yako yuko wapi?" Hakuwamo hata katika moja.

Mara ya pili nilikwenda na mama mwenyewe, na sharti likawa moja tu: hatuendi mahali ambapo wenyeji wetu hawawezi kuja nasi. Sharti hilo lilifuta zaidi ya nusu ya orodha yangu. Lilitupeleka kwenye miji midogo iliyo upande wa mashariki wa Leicester, yote kwenye reli moja: Melton Mowbray, Oakham, Stamford na Ely. Ninailinganisha hapa kwa ajili ya mtu atakayekuwa katika hali kama yetu. Yuko kwa ndugu, ndugu ana kazi, nyumbani kuna mtoto na kuna mzee, na siku za kutoka pamoja zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kabla ya mji, rota

Dada anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Shemeji yuko ghalani, anapakia mizigo. Siku zao za mapumziko hukutana mara mbili au tatu kwa mwezi, na siku hizo ndizo pia za kufua, kununua chakula cha wiki na kulala. Mgeni anayefika na tiketi alizokwisha kununua anawaweka wenyeji njia panda: ama wamwache aende peke yake, ama waombe kubadilishana zamu na mtu ambaye baadaye watamlipa kwa kufanya kazi Jumapili. Kwa hiyo omba rota, yaani ratiba yao ya zamu, ya mwezi mzima kabla hujaondoka nyumbani, ndipo ufungue ramani.

Rota ndiyo iliyonifundisha kuigawa miji hii minne. Treni ni ileile, inayotoka Birmingham, inapita Leicester na kwenda mpaka uwanja wa ndege wa Stansted, kwa kawaida mara moja kila saa. Kutoka Leicester, Melton Mowbray ni chini ya dakika 20. Oakham ni karibu nusu saa. Stamford ni kama dakika 40. Ely ni saa moja na nusu. Hivyo mitatu ya kwanza ni safari ya nusu siku, mtu aliyetoka zamu ya usiku akalala mpaka saa sita mchana anaweza kuja, hasa Juni na Julai ambapo jua linatua baada ya saa tatu usiku. Ely inataka siku nzima. Desemba mambo ni mengine kabisa, giza linaingia saa kumi jioni na mji wa kutazama majengo unakuwa mji wa kutazama taa za maduka.

Kuhusu nauli, tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo huwa inazidi kidogo tu ile ya kwenda peke yake, kwa hiyo usinunue mbilimbili. Ondoka baada ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, nauli inashuka. Mtoto chini ya miaka 5 hahitaji tiketi, wa miaka 5 hadi 15 analipa nusu. Na kama kuna mtoto wa umri huo katika msafara, dada au shemeji anunue ile kadi ya familia ya reli. Ni pauni 35 kwa mwaka, inapunguza theluthi ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya nauli ya watoto, na inabeba mpaka watu wazima wanne na watoto wanne. Mwenye kadi sharti awemo safarini. Niliposoma sharti hilo nilifurahi, maana lilikuwa sharti letu sisi.

Jumapili treni ni chache, na mara nyingi ndiyo siku wanayotengeneza reli na kuweka mabasi badala yake. Tuliwahi kukaa stesheni saa nzima na ushee kwa sababu hiyo, mtoto analia, mama amejifunika shali mbili. Tazama ratiba usiku uliotangulia.

Siku ya kwanza usiende popote

Siku ya kwanza mpeleke mzee Belgrave Road, hapohapo Leicester, mtaa wanaouita Golden Mile. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huko. Walikuja. Wengine walikuwa wameshatangulia kutoka Kenya na Tanganyika, na leo maduka ya dhahabu, sari na vitamu ya mtaa huo ni ya watoto na wajukuu wao. Kwenye orodha za vyakula utakuta mogo, nao ni muhogo wetu uliofupishwa jina, umekaangwa na kunyunyiziwa pilipili na ndimu.

Mama hajui Kiingereza. Aliingia duka la vitambaa, mzee wa Kihindi akamwangalia kanga yake akasema, "Karibu mama, umetoka wapi?" Mzee huyo alizaliwa Jinja, Uganda. Walizungumza karibu saa nzima, juu ya bei ya samaki, juu ya mvua, juu ya nani amekufa katika watu wasiojuana. Dada alikaa kwenye kiti cha wateja akawasikiliza. Hapo mama aliacha kuiogopa Uingereza, na safari zote zilizofuata zilikuwa nyepesi kwa sababu ya saa hiyo.

Stamford na Oakham: hapa ndipo penye kuchagua kweli

Mtu akiniuliza kati ya minne ni upi wenye sura nzuri kuliko yote, ni Stamford, wala sisiti. Mji mzima umejengwa kwa mawe ya chokaa ya rangi ya asali mbichi, nyumba, makanisa, maduka, hata kuta za vichochoro. Mwaka 1967 ulikuwa wa kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo, na ndiyo sababu hukuti jengo la vioo limejichomeka katikati. Mama aligusa ukuta wa kanisa kwa kiganja, akaona vipande vya kombe ndani ya jiwe. "Hili ni jiwe la bahari," akasema, "kama la kwetu." Ni kweli. Jiwe hilo lilijijenga chini ya bahari ya kina kifupi mamilioni ya miaka iliyopita, kama vile matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za pwani yetu.

Kutoka stesheni unashuka kwenye uwanda wa majani kando ya mto Welland, unavuka daraja dogo la miguu, na mji unakupandia mbele yako na minara yake ya makanisa. Hatua hizo za dakika kumi ndizo nzuri kuliko zote. Watoto walilisha bata, mama alikaa kwenye benchi, na hakuna aliyekuwa na haraka. Ijumaa ni siku ya soko, meza zinajaa barabarani, mboga, jibini, nguo, maua. Kuna pia maduka ya hisani yanayouza vitu vilivyotumika, na mtu wa kwetu anayejua kuchagua mitumba atayafurahia, kwa sababu hapa anachagua kabla robota halijafungwa. Mama alipata koti zito la sufu ambalo alilivaa siku zote zilizobaki.

Shemeji alikuja Stamford kwa kulazimika, akaondoka na habari moja iliyomkaa. Katika uwanja wa kanisa la St Martin amezikwa Daniel Lambert, mtu aliyekuwa mzito kuliko wote waliojulikana Uingereza wakati wake. Alizaliwa Leicester mwaka 1770, akawa askari wa gereza la Leicester, akafia Stamford mwaka 1809 akiwa na kilo 335. Nguo zake na kiti chake viko makumbusho ya Newarke Houses pale Leicester. Shemeji ameishi Leicester miaka tisa na alikuwa akipita mlango wa makumbusho hayo kila wiki. Jumamosi iliyofuata alitupeleka yeye mwenyewe, akitueleza kama mwenyeji. Hilo nalo ni faida ya mgeni, anamfungulia mwenyeji macho kwa mji wake.

Ndani ya kanisa hilohilo amezikwa William Cecil, mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nyumba yake, Burghley, iliyojengwa kati ya 1555 na 1587, iko nje kidogo ya mji, mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu. Kuingia ndani ni kwa kiingilio, na majira ya baridi hufungwa. Bustani yake pana yenye swala wa Kizungu wanaokula majani makundi kwa makundi ni bure. Tulikwenda bustanini tu na hatukuona kama tumekosa kitu.

Ubaya wa Stamford ni mlima na vijiwe. Barabara ya St Martin inapanda, vichochoro vimetandikwa mawe yasiyo sawa, na kigari cha mtoto kinaruka kama punda. Mzee mwenye magoti mabovu atachoka kabla ya saa sita. Na ni mji wa kutazama. Mtoto wa miaka saba haoni tofauti ya jiwe la mwaka 1450 na la mwaka 1750, baada ya bata atauliza mnarudi saa ngapi.

Oakham ni kinyume chake. Ukitoka stesheni huoni cha kukushangaza, mji mdogo wa tambarare, maduka ya kawaida, watu wanasalimiana. Ni makao makuu ya Rutland, wilaya ya kihistoria iliyo ndogo kuliko zote Uingereza, ambayo serikali iliifuta mwaka 1974 ikaunganishwa na Leicestershire, wenyeji wakaidai mpaka ikarudishwa mwaka 1997. Lakini ndani ya mji huu kuna chumba kimoja ambacho mama anakitaja hadi leo.

Wanakiita ngome, ingawa kilichobaki ni ukumbi peke yake, wa mwishoni mwa karne ya 12. Kuingia ni bure. Kuta zake kutoka chini hadi juu zimepigiliwa viatu vya farasi, vile vyuma vya kwatoni, zaidi ya 200, vingine vikubwa ajabu, vimepakwa dhahabu na kuwekwa taji. Ada ya hapa ni kwamba mfalme, malkia au mwenye cheo cha kikabaila apitapo Oakham kwa mara ya kwanza lazima aache kiatu cha farasi. Cha zamani kuliko vyote kinahesabiwa kuwa cha Mfalme Edward wa Nne, miaka ya 1470. Na vyote vimetundikwa mdomo chini, kwa sababu watu wa Rutland waliamini kwamba ukikitundika mdomo juu shetani atapata pa kukaa.

Mama alicheka mpaka akakaa. Yeye ametoka mahali ambapo watu hutundika vitu milangoni kwa sababu hizohizo, na alikuwa hajui kwamba wafalme wa Uingereza nao wamo. Alitaka kuelezwa kila kiatu. Dada akawa anasoma maandishi na kutafsiri, watoto wakawa wanatafuta kikubwa kuliko vyote, na kwa mara ya kwanza tangu tufike sikumwona dada akitazama saa. Nje, karibu na soko, kuna kibanda cha zamani cha kuuzia siagi, chini yake pana ubao wa kufungia miguu ya wahalifu wenye matundu matano. Kwa nini matano, watoto wamebishana nalo mpaka Leicester.

Halafu kuna bwawa. Rutland Water lilitengenezwa miaka ya 1970 kwa kuziba bonde la mto Gwash, na kijiji cha Nether Hambleton kikafunikwa na maji. Ukingo wa karibu na Oakham, upande wa Egleton, ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu tambarare, au teksi ya mwendo mfupi. Mwaka 2021, walipokuwa wamepunguza maji ya kidimbwi kimoja, mfanyakazi wa hifadhi aliona mifupa ikichomoza kwenye tope. Ilikuwa ya mnyama wa baharini wa enzi za kale, urefu wake karibu mita 10, umri wake kama miaka milioni 180. Mwambie mtoto habari hiyo kabla hamjafika, mtatembea bila malalamiko.

Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Septemba wapo pia tai wala samaki, osprey. Walikuwa wametoweka katika sehemu hizi za Uingereza. Mwaka 1996 walianza kuletwa makinda kutoka Uskoti, na mwaka 2001 wakaangua hapa. Majira ya baridi huruka mpaka Afrika Magharibi, Senegal na Gambia, kisha hurudi kwenye kiota kilekile. Tulikuwa katika kibanda cha kutazamia ndege, dada ameishika darubini ya kuazima, mtu wa hifadhi anatueleza safari hiyo. Dada akasema kwa Kiswahili, polepole, bila kuitoa darubini machoni, "Hawa wanakwenda kila mwaka. Mimi huu wa sita sijafika." Mama alimshika bega. Hatukusema kitu mpaka tulipofika njiani, na njiani ndipo alipotueleza mambo ya makaratasi yake ambayo kwenye simu hakuwahi kutuambia hata mara moja.

Kwa hiyo nikiweka Stamford na Oakham kwenye mizani, Stamford inashinda kwa macho na Oakham inashinda kwa familia. Kama mnakwenda watu wazima wenye miguu mizuri, au ni wewe na shemeji tu, chagueni Stamford, tena Ijumaa. Kama kuna mzee na kuna mtoto, Oakham haina mpinzani katika minne hii. Si vibaya kuunganisha yote miwili siku moja ndefu ya kiangazi, kituo kimoja tu kinaitenganisha, lakini sisi tuliojaribu tulifika Stamford watoto wamelala mabegani, na mji mzuri ule tukaupita kama watu wanaotafuta choo.

Melton Mowbray: Jumanne au usiende

Mji huu unasifika kwa pai ya nyama ya nguruwe, na maduka yake yanajitangaza kwa hiyo. Sisi ni Waislamu, na nusu ya kinachouzwa madirishani hakituhusu. Jibini ya Stilton, yenye mishipa ya buluu, ni jambo jingine la hapa, kwa sheria haitengenezwi popote duniani ila Leicestershire, Derbyshire na Nottinghamshire. Harufu yake kali, mama aliisogeza kwa ncha ya kidole. Ungekuwa ni huo tu nisingeutia katika ulinganisho.

Lakini Jumanne kuna mnada wa mifugo, katikati ya mji kabisa, ng'ombe na kondoo ndani ya vizimba, wakulima wamevaa makoti ya kijani wameegemea vyuma, na mnadi anatema bei kwa kasi ambayo hata dada mwenye Kiingereza cha miaka sita aliikamata nusu nusu. Mjomba wetu mmoja aliyekuwa amekuja kutoka Dodoma kwa kozi ya mwezi mmoja alikuja nasi siku hiyo. Ni mtu wa ng'ombe tangu utoto, mnada wa Pugu anaujua kama chumba chake. Alikaa pale saa tatu. Alijua ni dume gani litapanda bei kabla mnadi hajafungua mdomo, akakosea mara mbili tu, na mkulima mzee aliyesimama karibu naye akaanza kumuuliza maoni yake kwa ishara. Mjomba alikuwa amekaa Uingereza wiki tatu bila mtu kumuuliza anajua nini.

Kama una mgeni wa namna hiyo, mfugaji, mkulima, mtu anayekaa sebuleni kwa ndugu akihisi hana kazi, mpeleke Melton Jumanne na usimpeleke kwingine kwanza. Kama huna, shuka Oakham, ni dakika kumi tu mbele.

Chakula, swala, miguu

Hapa hakuna tofauti kubwa kati ya mji na mji, ila na Leicester. Leicester msikiti uko kila upande na nyama ya halali si ya kutafuta. Ukishatoka mjini, usitegemee. Tulibeba chakula: sambusa, wali wa nazi kwenye chupa ya kutunza moto, chai ya maziwa. Samaki na chipsi ni salama kwa wengi wetu, ila uliza kwanza wanakaangia nini, kwa kuwa maduka mengine ya eneo hili hutumia mafuta ya ng'ombe. Wakisema mafuta ya mimea, agiza bila wasiwasi.

Swala kiangazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Adhuhuri inaingia kama saa saba na robo mchana na Alasiri haifiki mpaka baada ya saa kumi na moja, hivyo safari ya kutwa inakutana na swala moja tu. Mama aliswali kwenye majani kando ya Welland, amekaa kwenye mkeka mdogo, watu wakapita kwa adabu. Desemba ndiyo ngumu, Adhuhuri kama saa sita na robo, Alasiri saa nane, Magharibi saa kumi, zinafuatana kama magari ya msafara. Majira hayo rudini nyumbani kwa chakula cha mchana.

Ratiba za treni zinaandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 14:20 ni saa nane na dakika 20 mchana. Mwandikie mzee kwenye karatasi kwa saa za kwetu, asije akategemea mtu mwingine kwa kila kitu. Na viatu viwe vya kufunga, hata Julai, mvua haiombi ruhusa.

Ely, na kwa nini niliiacha mwisho

Kwa ukubwa wa jambo lenyewe, Ely inaishinda mitatu yote. Ni mji wenye watu kama 20,000 tu, na katikati yake pamesimama kanisa kuu lenye urefu wa zaidi ya mita 160, lililoanza kujengwa mwaka 1083. Nchi ya pale ni bapa kabisa, udongo mweusi mpaka macho yanapokoma, na kanisa linaonekana kutoka mbali kama chombo kilichotia nanga. Wenyeji wanaliita meli, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Zamani Ely ilikuwa kisiwa kweli, kimezungukwa na vinamasi, mpaka maji yalipokaushwa kuanzia karne ya 17. Jina lake linatokana na mikunga waliovuliwa humo.

Mwaka 1322 mnara wa katikati ulianguka. Hawakuujenga upya kama ulivyokuwa. Waliacha uwazi mpana wenye pembe nane, wakaufunika kwa magogo makubwa ya mwaloni, na juu wakaweka kimnara cha mbao na vioo kinachoshusha mwanga katikati ya kanisa. Ukisimama chini yake na kuinua shingo, unaona kazi ya mafundi seremala ambayo imekaa hewani karibu miaka 700. Mimi si Mkristo na nilinyamaza. Kuingia kwa watalii ni kwa kiingilio, na sakafu ni tambarare, kwa hiyo mzee anaweza. Kupanda juu kwenye pembe nane ni ngazi nyembamba nyingi, hilo si la mama. Karibu hapo kuna nyumba aliyoishi Oliver Cromwell na familia yake kabla hajawa mtawala wa Uingereza. Mtoni chini kuna mashua, mikahawa na bata wengine.

Lakini ni saa tatu za treni kwenda na kurudi. Mtu aliye na siku moja ya mapumziko baada ya zamu nne hapaswi kupewa saa tatu za treni, wala mtoto wa miaka minne. Ndiyo maana naiweka mwisho kwa familia nzima, na naiweka kwanza kwa watu wawili.

Tulikwenda mimi na dada peke yetu, siku ambayo alikuwa na mapumziko ya siku mbili mfululizo. Mama alibaki na watoto, akawafundisha kusonga ugali wa unga wa mahindi wa Belgrave Road. Kutoka Leicester mpaka Peterborough dada alilala begani kwangu, na sikusogea hata mkono ulipokufa ganzi. Baada ya Peterborough nchi ikawa bapa, akafungua macho, akatazama yale mashamba meusi, akaanza kuzungumza. Alizungumza mpaka Ely. Tulitembea kanisani, tukala sambusa mtoni, tukapiga picha moja tukiwa wawili na kanisa nyuma. Wakati wa kurudi tuliikosa treni tuliyoikusudia kwa makusudi, tukangoja ya saa moja mbele.

Picha hiyo iko ukutani Tanga, juu ya redio.